Maji Hayapandi Mlima: Mwongozo Kamili wa Kupanga Likizo ya Milimani na Mitoni

Wengi wetu hupanga likizo ya namna hii kwa kuangalia picha. Unaona kilele kimefunikwa ukungu, mto wa kijani chini yake, hema la rangi ya chungwa katikati, na papo hapo unaanza kuulizia nauli. Picha haikuambii ilipigwa saa ngapi, wala mto ule ulikuwaje jioni yake. Mimi huanza na methali: maji hayapandi mlima. Mvua, theluji na matope yaliyoko juu yana safari moja tu, ya kushuka, na hema lako litakuwa mahali fulani kwenye njia hiyo. Ukilikubali hilo tangu mwanzo, maamuzi mengi hujipanga yenyewe: uende mwezi gani, uvuke saa ngapi, ulale wapi, uanze na mlima au na mto.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye siku tano hadi kumi na afya ya kawaida, asiyekusudia kupanda majabali kwa kamba.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza, mahali baadaye

Kabla hujaupenda mto, uliza unalishwa na nini. Mto wa theluji na barafu hujaa jua linapoanza kuwa kali, yaani mwishoni mwa majira ya kuchipua na mwanzoni mwa kiangazi, na huwa na mapigo ya kila siku: mdogo alfajiri, mkubwa alasiri na jioni, kwa sababu kilichoyeyuka mchana huchukua saa kadhaa kufika bondeni. Mto wa mvua hauna ratiba hiyo. Hujaa msimu wa mvua, na katika korongo jembamba unaweza kupanda ndani ya dakika chache. Aina ya tatu husahaulika sana: mto ulio chini ya bwawa la umeme. Huo hufunguliwa na binadamu. Asubuhi unakufika kifundoni, mchana kiunoni, na juu yako mbingu ni nyeupe pe.

Hapo ndipo mlima na mto huanza kugombana. Maji mazuri ya boti mara nyingi huja wakati njia za juu bado zina theluji na vivuko havipitiki. Kinyume chake, mwezi mzuri wa kutembea vileleni huenda ukakuta mto umekonda hadi mawe yanaonekana. Amua yupi ndiye bibi harusi na yupi mpambe. Ukitaka wote wawili wawe bibi harusi, utapata likizo ya wastani pande zote mbili.

Takwimu za kuamulia zipo na ni za bure: wastani wa mvua na joto wa kila mwezi kutoka idara ya hali ya hewa, tarehe za kufunguliwa kwa njia kutoka ofisi ya hifadhi, na katika nchi nyingi usomaji wa vituo vya kupimia mito, unaotolewa kwa mita za ujazo kwa sekunde. Usiishie kwenye namba ya leo. Tazama mstari wa miaka mitatu minne iliyopita kwa wiki ileile unayotaka kwenda.

Hatua ya 2: Jua unakwenda na nani

Msafara hutembea kwa miguu ya mtu wa polepole zaidi, si kwa wastani. Uliza waziwazi, kabla ya kulipa chochote: nani ana goti bovu, nani hajui kuogelea, nani anaogopa kimo, nani anatumia dawa kila siku. Watu huona haya kusema haya mbele ya kundi, kwa hiyo muulize kila mmoja peke yake. Watoto hawana shida ya umbali kama watu wanavyodhani. Shida yao ni kuchoka na mandhari yasiyobadilika, na mwili wao hupoteza joto upesi kuliko wa mtu mzima.

Hatua ya 3: Igeuze ramani kuwa saa

Ramani ya 1:50,000 ina maana sentimita mbili ni kilomita moja. Lakini kilomita za milimani hazipimwi kwa rula pekee. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith, mpenda milima, aliweka kanuni ambayo hadi leo haijapata mrithi wa kuishinda kwa wepesi: hesabu saa moja kwa kila kilomita tano, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda.

Chukua siku yenye kilomita 12 na mita 900 za kupanda. Kilomita 12 ni saa mbili na dakika 24. Mita 900 ni saa moja na nusu. Jumla ni karibu saa nne, na hizo ni saa nne za mtu mwepesi, njia safi, bila kusimama. Ukiongeza mizigo, mapumziko, picha na mtu anayefunga kamba za viatu kila baada ya dakika kumi, andika sita. Mteremko mkali usiuhesabu kama zawadi. Magoti hulipia kule chini.

Ukiwa na ramani mkononi, jifunze kuyasoma maji yake pia. Mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, inapovuka kijito hujikunja kama herufi V, na ncha ya V huelekea yanakotoka maji. Kwa hiyo hata pale ambapo mchoraji hakuweka rangi ya buluu, unaweza kujua mvua ikinyesha itapita wapi. Weka alama kila mahali njia yako inapokutana na V hizo, kisha fuatilia juu: ni bonde la ukubwa gani linalomimina hapo? Kijito chembamba chenye bonde kubwa nyuma yake ni cha kuogopwa kuliko mto mpana wenye bonde dogo.

Tarehe 12 Agosti 1997, katika korongo la Antelope huko Arizona, Marekani, watu 11 walikufa kwa mafuriko ya ghafla. Mvua iliyowaua ilikuwa imenyesha kilomita kadhaa kutoka hapo. Utabiri wa hali ya hewa unaoutafuta ni wa sehemu ya juu ya bonde, si wa mji unaolala.

Hatua ya 4: Panga siku kwa kuanzia mwisho

Anza na saa ya kuzama jua, rudi nyuma saa mbili za akiba, kisha rudi nyuma muda wa kushuka. Unapofikia ndipo penye saa ya kugeuza. Ikiwa saa ya kugeuza ni saa saba mchana, basi saa saba mnageuza, hata kilele kikiwa mita mia moja mbele na kimepakwa dhahabu. Iandikwe kwenye karatasi ikiwa watu wametulia nyumbani, maana ukiwa pale juu akili hugeuka wakili wa tamaa.

Kuna sababu nyingine ya kuondoka mapema. Kwenye milima mingi, siku za joto huanza na anga safi, mawingu hujenga kuanzia saa sita, na radi hupiga alasiri. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Ukisikia ngurumo yoyote tayari uko karibu vya kutosha kupigwa, kwa hiyo ondoka kwenye mgongo wa mlima ushuke chini, kaa mbali na mti ulio peke yake, na usirudi juu mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo nyingine.

Kuhusu mwinuko: chini ya mita 2,500 wengi hawasumbuki. Kuanzia hapo kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mbovu ni mambo ya kutarajiwa. Ukivuka mita 3,000, kanuni inayotumiwa na madaktari wa milimani ni kutopandisha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kuweka siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Mchana unaweza kufika juu zaidi. Kinachohesabiwa ni unapolaza kichwa. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema hali amekaa, hapumzishwi kwanza. Anashushwa, hata kama ni usiku.

Kwa mpangilio wa jumla, mimi huweka mlima mwanzo na mto mwisho. Ukiwa juu unaona kwa macho yako kiasi cha theluji kilichobaki na mawingu yanakokwenda, yaani unausoma mto wako siku mbili tatu kabla ya kuuingia. Katikati acha siku moja tupu, isiyo na jina wala malipo ya awali. Mvua ikivuruga siku yoyote, siku hiyo tupu itameza hasara. Isipovuruga, mtafua soksi.

Hatua ya 5: Mahali pa kulala

Tarehe 7 Agosti 1996 kambi moja karibu na Biescas, katika milima ya Pyrenees upande wa Hispania, ilisombwa na watu 87 wakafa. Ilikuwa imejengwa pale kijito kinapotoka korongoni na kutandaza mawe na udongo wake kama feni iliyofunguliwa. Mahali pa namna hiyo panavutia kwa sababu ni tambarare, lakini jiulize nani alipasawazisha. Ni maji, na maji hurudi kazini kwake.

Kwa hiyo unapofika, kabla hujashusha begi, tafuta ushahidi wa wimbi la mwisho: nyasi kavu na vijiti vilivyonasa kwenye matawi, mstari wa takataka ukingoni, mawe mapya yasiyo na kuvu. Lala juu ya mstari huo, tena kwa ukarimu. Kaa angalau mita 60 kutoka ukingoni. Ni salama zaidi, na kunakuwa kukavu zaidi asubuhi kwa sababu umande na baridi hukusanyika penye maji. Usiweke hema chini ya mti wenye matawi makavu wala chini ya genge linalodondosha mawe. Jioni simika kijiti pale maji yanapoishia. Ukiamka usiku kwa haja, kimulike. Kikiwa ndani ya maji, waamshe wenzako.

Hatua ya 6: Kuvuka mto kwa miguu

Hapa ndipo ningependa msomaji asome mara mbili, kwa sababu watu wanaoogopa simba na nyoka huingia mtoni wakicheka.

Maji yakiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma huongezeka mara nne. Ndiyo maana kina cha goti kwenye mkondo mkali kinatosha kumwangusha mtu mzima. Tupa kijiti, utembee nacho ukingoni. Ukishindwa kukifuata kwa mwendo wa kawaida, tafuta kwingine. Ukisikia mawe yakigongana chini, au maji yamekuwa ya kahawia na kubeba matawi, hakuna kuvuka leo.

Mahali pazuri mara nyingi si pembamba. Pembamba pana kina na kasi. Tafuta pale mto unapopanuka au kugawanyika vijito vingi, kisha kabla ya kuingia tazama chini ya mkondo: ukianguka utafikia wapi? Kama ni maporomoko, kona yenye mwamba, au mti ulioanguka majini, hapafai hata kama kina ni kidogo. Mti huo ni mtego mbaya kuliko yote, kwani maji hupita kati ya matawi na mwili hubaki.

Mto wa theluji uvuke alfajiri. Ukiufikia saa tisa alasiri umejaa, pika chai, lala, uvuke asubuhi. Hiyo ndiyo kazi ya siku tupu niliyoitaja.

Unapoingia, vaa viatu. Fungua mikanda ya kiunoni na kifuani ya begi ili uweze kulivua likikuvuta. Elekeza uso yanakotoka maji, tumia fimbo kama mguu wa tatu, sogeza kimoja kwa wakati, na uende kwa mshazari kuelekea chini kidogo. Mkiwa wengi shikaneni mabegani, mwenye nguvu akiwa upande wa juu. Usijifunge kamba kiunoni: ukianguka, kamba inayoshikiliwa na wenzako hukuzamisha badala ya kukutoa.

Ukichukuliwa, lala chali, miguu mbele, vidole juu ya maji, na upige mikono kwa mshazari kuelekea ukingoni. Usijaribu kusimama kwenye mkondo mkali mpaka maji yawe chini ya goti, maana mguu ukinasa kati ya mawe maji hukukunja kifudifudi. Mti ukiwa mbele na hakuna pa kukwepea, hapo tu geuka, uogelee kichwa mbele na ujirushe juu ya shina kwa nguvu zako zote.

Hatua ya 7: Siku ya boti

Mito ya kasi hupangwa kimataifa kwa madaraja sita. Daraja la I ni maji yanayotembea na vijiwimbi. II ni rahisi, njia inaonekana. III ina mawimbi yasiyotabirika na huhitaji kujua kuongoza. IV ni nguvu na hatari kwa asiye na mazoezi. V ni ya mabingwa. VI haipitiki kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Kundi lisilo na uzoefu likiwa na kiongozi mzuri hufurahia sana II na III. Kumbuka kuwa daraja hubadilika na kiwango cha maji: III ya mwezi huu inaweza kuwa IV mwezi ujao. Maji yakiwa baridi sana au mto ukiwa mbali na msaada, lichukulie kama limepanda daraja moja.

Ubaridi una hesabu yake. Katika dakika ya kwanza majini mwili huhema bila hiari, na hapo ndipo wengi humeza maji. Kisha una takriban dakika kumi za mikono kutii. Kupoteza joto hadi kuzimia huchukua kama saa moja. Kwa hiyo jaketi la kuokoa maisha ndilo linalokuvusha dakika ya kwanza, hata kama wewe ni muogeleaji hodari. Livae limefungwa, mtu akilivuta mabegani lisipande zaidi ya masikio.

Unapomtafuta kiongozi, usiishie kwenye bei. Muulize: mto ukiwa na kiwango gani mnaahirisha? Nani ana mamlaka ya kuahirisha asubuhi ile? Nikiahirishiwa, pesa inarudi au tarehe inahamishwa? Kiongozi mwenye namba ya kiwango kichwani anaujua mto wake. Anayejibu kuwa huwa hawaahirishi, mshukuru na uondoke.

Hatua ya 8: Mzigo

Joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Bondeni, mita 800, ni nyuzi 24. Kambini, mita 2,600, ni nyuzi 12, na hapo bado mchana na upepo haujavuma. Pakia kwa ajili ya kambi.

Pamba ibaki nyumbani. Ikilowa hushika maji na kukunyonya joto. Sufu na poliesta hukauka. Tabaka tatu zinatosha: la ngozini, la kuhifadhi joto, la kuzuia mvua na upepo. Seti moja ya kulalia ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji na isivaliwe mchana kwa sababu yoyote ile. Mimi nimewahi kujihurumia nikaivaa njiani; usiku ule ulikuwa mrefu kuliko wiki.

Tochi ya kichwani kila mtu na yake. Filimbi. Ramani ya karatasi na dira, kwani betri za simu hufa upesi kwenye baridi. Miwani na krimu ya jua hata mawingu yakiwepo, maana mionzi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji huirudisha usoni. Mzigo wote ukipita moja ya tano ya uzito wako, toa kitu. Viatu vipya usivizindue safarini.

Hatua ya 9: Maji ya kunywa, chakula, choo

Maji ya mlimani yakiwa maangavu hayajawa safi. Kuna wanyama na wapiga kambi juu yako. Chemsha mpaka yatokote kwa dakika moja, na juu ya mita 2,000 dakika tatu. Vidonge vya klorini hufanya kazi polepole kwenye maji baridi, na havifui dafu mbele ya baadhi ya vimelea. Filta ni nyepesi na haraka, ila nyingi hazizuii virusi, na maji yakigandia ndani yake huipasua bila kuonyesha dalili. Usiku wa baridi lala nayo.

Chakula kikavu cha takriban robo tatu ya kilo kwa mtu kwa siku huwatosha wengi, pamoja na akiba ya siku moja. Kwa jiko, fahamu kuwa gesi ya butani tupu haigeuki mvuke kwenye nyuzi sifuri. Tafuta mchanganyiko wenye propani. Usipikie ndani ya hema.

Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka maji yoyote. Methali ni ileile: unachoacha juu, mtu atakinywa chini.

Hatua ya 10: Karatasi na mtu wa nyumbani

Vibali viombwe mapema. Bima isomwe maandishi madogo: nyingi zina kikomo cha mwinuko, na nyingine huondoa boti za mto wa kasi au uokoaji kwa helikopta.

Muhimu kuliko hayo ni kipande cha karatasi kwa mtu mmoja anayeaminika: njia mnayopita, makambi, majina, rangi ya mahema, na saa ambayo asipowasikia apige simu ya uokoaji, namba ikiwa imeandikwa hapo hapo. Mpe saa kamili, tarehe kamili. "Jioni jioni hivi" haimwamshi mtu. Mahali pasipo mtandao, kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kinastahili nafasi kwenye begi. Kikikosekana, ishara ya hatari ya milimani ni sita kwa dakika: filimbi sita au mimuliko sita, kaa kimya dakika moja, rudia. Ukisikia tatu kwa dakika, umejibiwa.

Hatua ya 11: Kurudi

Mpigie kwanza yule mwenye karatasi, kabla ya kuoga, kabla ya kutuma picha. Kisha mimina kila kitu nje. Mwani unaoitwa didymo ulionekana New Zealand kwa mara ya kwanza mwaka 2004, na unaweza kusafiri kutoka mto hadi mto ndani ya tone moja la maji kwenye kiatu. Ndiyo sababu vifaa vya mtoni hukaguliwa, huoshwa na kukaushwa kabisa kabla ya kuguswa mto mwingine. Hema likunjuliwe siku hiyohiyo hata kama umechoka, na mfuko wa kulalia utundikwe, usirudishwe kwenye kifuko chake. Ile karatasi ya saa za kugeuza iandike upande wa nyuma: mlifika saa ngapi kweli, kila siku. Safari ijayo hutahitaji kanuni ya Naismith. Utakuwa na yenu.